Sifa za Mchongaji wa Kamdesh

Jumatano, 2 Oktoba

Mvua tena hapa Brussels. Nguo zimekataa kukauka, nimezitandaza juu ya radieta ya kupashia nyumba joto mpaka sebule yote inanuka sabuni. Nimepika chapati, nyingine nimempelekea Mzee Sarwar, mlango unaotazamana na wangu. Jumatano ikipita bila chapati ananiuliza kama nimemkasirikia.

Nimemkuta kwenye kigoda chake karibu na dirisha, kuba la basilika nyuma yake limezama kwenye ukungu. Mgongo umenyooka utadhani yuko gwarideni. Watu wa kwao hawakai chini kama Waafghani wengine. Wanakaa juu ya viti tangu enzi za mababu, na hilo kanieleza mara sijui ya ngapi. Leo kaongeza jipya. Zamani huwezi kujikalia tu kwenye kiti nje, mbele ya watu. Lazima kwanza uwe umelisha kijiji, karamu juu ya karamu, mbuzi na jibini na divai, mpaka ufilisike. Ukishafilisika ndiyo una cheo, ndiyo unakaa. Nikamwambia kwetu Tanga wapo waliofilisika kwa arusi na hata kigoda hawakupata. Alicheka mpaka akakohoa.

Yeye ni Mkom. Kabila la milimani, bonde la Kamdesh, Nuristan, mashariki kabisa ya Afghanistan. Nimesomesha historia sekondari mpaka nimestaafu na sikuwahi kusikia neno hilo. Marehemu Luc, mume wangu, angenizodoa. Alipenda kunikamata sijui kitu.

Kifaransa cha Mzee ni cha kuungaunga, changu ni cha mke wa Mbelgiji. Tunaelewana vizuri mno. Tangu Luc afariki sijapata mtu wa kuzungumza naye hivi, na nakiri naisubiri Jumatano kama mtoto.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimebishana na Jamil. Ubishi wa kupendana.

Jamil ni mjukuu wa Mzee. Anaendesha basi, ile njia ya Chaussée d'Ixelles. Wazazi wake walifia Kabul, wako wawili tu hapa. Mimi ananiita Bibi, neno nililomfundisha mwenyewe, na analitamka kwa mkazo mahali pasipo mkazo.

Swali lilikuwa: Wakom walitoka wapi? Jamil anasema ni uzao wa askari wa yule mfalme wa Kiyunani aliyepita huko na majeshi yake, ndiyo maana kwao wapo wenye macho ya buluu. Nikamwambia macho si ushahidi, hata paka wanayo. Kumbe msikitini anawaambia watu kwamba wao ni Makureshi wa Makka waliopotea njia. Ebo! Mgiriki Jumatatu, Mkureshi Ijumaa? Akacheka, kisha akanuna.

Mzee ana yake, na mimi naiamini zaidi. Walikuwa watu wa tambarare, upande wa Kandahar. Wakasukumwa Kabul, wakasukumwa Kapisa, wakasukumwa mahali panapoitwa Kama, kila mara na watu wenye dini mpya na panga nyingi kuliko wao. Mwisho wakapanda mabonde ambako farasi hapandi. Na huko juu hawakukuta patupu. Walikuwapo wengine, nao wakawasukuma. Mzee hilo halifichi. Lugha yao si Kiajemi wala si Kihindi. Ina undugu na zote mbili, lakini ina nyumba yake.

Nikawasahihisha wote wawili kuhusu mpangilio wa karne. Siwezi kujizuia. Mwalimu hastaafu mdomo.

Halafu nimerudi kwangu nikajicheka. Mimi nani wa kumcheka Jamil? Kwetu kila mwenye nyumba ya mawe katoka Shirazi. Bibi mzaa baba aliapa kwa hilo, na nywele zake zilikuwa kama hizi zangu.

Jumatano, 9 Oktoba

Leo nimelia nyumbani kwa watu.

Mzee kanisimulia mwaka nchi yao ilipobadilishwa jina. Kabla yake iliitwa Kafiristan. Sikuhitaji kutafsiriwa, nchi ya makafiri. Walikuwa na miungu yao, wa vita, wa kuumba, na mungu mke wa maziwa na mavuno. Amiri wa Kabul akapeleka jeshi wakati wa baridi, theluji imefunga njia, hakuna pa kukimbilia. Watu wakasilimishwa. Nchi ikaitwa Nuristan, nchi ya nuru. Mzee ni Mwislamu safi, hakosi sala, lakini kasema majina yote mawili wamepewa na wengine. Wao wenyewe walijiita Kom, basi.

Na walikuwa na wafu wa mbao. Mtu mkubwa akifa, ukipita mwaka, jamaa zake wanalisha watu na kumsimamishia sanamu yake, juu ya kiti au juu ya farasi, uso mrefu, macho ya mawe meupe. Askari walizichoma. Chache zikachukuliwa Kabul.

Aliyezichonga bondeni kwao alikuwa babu yake Mzee. Merik. Kijana mdogo wakati huo. Alilazimishwa kuzitia motoni mwenyewe, kazi yake na ya baba yake. Baada ya hapo alichonga milango, vigoda na mabakuli mpaka uzeeni. Mzee alimwahi, alikuwa mtoto. Anasema siku zake za mwisho alikuwa anachonga usingizini. Vidole vinatembea juu ya blanketi, vinapima, vinakata. Kanionyesha kwa vidole vyake. Hapo ndipo nilipolia.

Jamil akaingia na rafiki yake. Mzee akakatiza katikati ya neno na kuniuliza kama chai ina sukari ya kutosha. Nikadhani kachoka.

Nimeona wivu kidogo. Kwetu Pangani fundi wa milango alisalimiwa kabla ya wenye duka. Watu walikwenda kwake kwa adabu. Babu yangu mimi alikuwa karani wa forodha. Nani atamlilia karani?

Jumamosi, 12 Oktoba

Jamil anapenda mtu. Mungu wangu, kumbe ndiyo maana alikuwa ananyoosha mashati. Anaitwa Nasrin, anasomea ufamasia, binti wa Haji Yusuf mwenye duka la vyakula kule Ixelles. Baba yake ni Mkom, bonde lilelile. Katika mji huu wote! Nimefurahi utadhani ni wangu.

Haji amekuja leo kutazama nyumba ya Mzee. Mimi nimepeleka mandazi na kujikaribisha. Mtu mpole, ndevu zimechanwa, anauliza hali ya kila mtu na kusubiri jibu. Kitu kimoja kimenishangaza. Alipoingia, Mzee aliondoka kwenye kigoda akakaa kwenye zulia. Na magoti yale! Haji akakaa kwenye kochi. Hakuna aliyemwambia Mzee apande. Nilitaka kusema, Jamil akanikazia macho.

Nimesema moyoni ni heshima kwa mgeni. Kila watu na mambo yao.

Jumanne, 15 Oktoba

Wamekubaliwa kwenda kuposa Jumapili. Jamil amekuja kuniomba niende nao. Hawana mwanamke mtu mzima upande wao, na haipendezi wanaume wawili kwenda kama wanaokwenda kununua gari. Akasema nikae tu na kina mama, ninywe chai.

Nimekubali kabla hajamaliza.

Kanieleza desturi. Kwa mwanamke kunakuwa na sinia la peremende na lozi za sukari, limefunikwa kitambaa kilichotariziwa. Wakikubali, linafunuliwa na kukabidhiwa upande wa mwanamume. Basi, ameposwa. Wasipokubali, linabaki limefunikwa na hakuna anayelitaja. Nimeipenda hiyo. Kwetu watu wanarushiana maneno mpaka barazani.

Nikaenda kwa Maman Béa kusuka. Béa ni wa Lubumbashi, ana saluni kulekule Ixelles, na ndiye mtu pekee mji huu anayeweza kunikatisha nikiongea. Nikamwambia mimi ni mshenga sasa. Akaniuliza kama wale watu wameniomba kuwa mshenga au wameniomba kunywa chai. Nikamwambia ni kilekile. Akasema, "Bon. Kama unasema," akavuta nywele mpaka machozi yakanitoka.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimeharibu. Siwezi kuandika.

Jumatatu, 21 Oktoba

Niandike tu. Kichwa kinapasuka.

Sebule ya Haji ilijaa. Kaka zake wawili wametoka Antwerp, wake zao, mama yake Nasrin, Nasrin mwenyewe mlangoni mwa jiko na shela ya kijani. Sinia mezani, kitambaa chekundu juu yake. Chai ya iliki. Kila kitu kinakwenda vizuri. Haji akamgeukia Mzee, kwa adabu kabisa, akamwuliza juu ya jamaa zake. Mzee akajibu maneno machache: sisi ni watu wa Kamdesh, ni Waislamu, tunamshukuru Mungu. Haji akaitikia kwa kichwa, mkono wake ukaanza kwenda kwenye kitambaa.

Sasa mimi. Mimi na kiherehere changu. Nikaona, hivi ndivyo tu? Kijana anaoa uchi? Hakuna wa kumsifu? Kwetu mshenga anasimama, anataja baba, anataja babu, anaupamba ukoo mpaka upande wa pili waone wanapewa dhahabu. Nikasimama. Nikasema kwa Kifaransa changu cha darasani, taratibu, ili wote waelewe.

Nikasema naomba ruhusa nimsemee kijana wetu, maana wenyewe ni wanyenyekevu. Nikasema damu yake ni damu ya mafundi. Nikasema babu wa babu yake aliitwa Merik, mikono yake ndiyo iliyochonga wakubwa wa Kamdesh walipokufa, yeye na baba yake kabla yake, na hakuna mtu mkubwa bonde lile aliyekumbukwa bila mikono hiyo.

Jamil akasema, "Bibi, inatosha." Nikadhani anaona haya, kama bwana arusi yeyote. Nikamwambia atulie, leo ni siku yake ya kusifiwa.

Nikaendelea. Wallahi niliendelea. Viti mnavyokalia kwenu, nikasema, huenda ni kazi ya watu hawa.

Nikakaa. Nilisubiri vigelegele, mimi mjinga. Kaka mmoja wa Haji alikuwa anatazama zulia. Mwingine alikuwa anamtazama Haji. Mama yake Nasrin akaanza kukusanya vikombe, na vilikuwa bado vina chai. Mzee machozi yanamtiririka kwenye ndevu. Haji akaurudisha mkono wake gotini. Akasema siku fupi siku hizi, giza linaingia mapema. Ndiyo kuagwa huko.

Sinia halikufunuliwa.

Tulirudi kwa metro. Jamil alisimama mbali, amegeukia mlango, mpaka kituo chetu cha Simonis.

Jumanne, 22 Oktoba

Jamil kanieleza kwenye ngazi. Hakuingia ndani. Hakunifokea pia, na ningependa angefoka.

Kwao mchongaji si fundi tunavyosema sisi. Wachongaji, wahunzi, wafinyanzi, wote ni tabaka moja. Wanaitwa bari. Zamani hawakuwa na mbuzi wala shamba. Hawakuingia mahali pa ibada. Walikuwa wanauzwa. Wao ndio waliochonga viti, na kwenye viti hivyo hawakukaa. Sasa wote ni Waislamu, wote ni sawa, hakuna mtumwa. Ila binti hatoki nyumba ya wenye mbuzi kwenda nyumba ya bari. Hapana.

Aliniambia yote hayo kwa sauti ya kutangaza vituo. Halafu akaingia kwake.

Na Mzee kukaa chini mbele ya Haji. Na sukari kwenye chai, mara tu rafiki wa Jamil alipoingia. Nilioneshwa. Nilioneshwa mara mbili na nikajifanya nimeelewa.

Aibu imenishuka mpaka kwenye nyayo. Siku nzima nimekaa jikoni. Nikijaribu kufikiria kitu kingine nasikia sauti yangu mwenyewe, ile ya darasani, "mikono hiyo, mikono hiyo".

Alhamisi, 24 Oktoba

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi ninajua. Si mgeni wa jambo hili.

Mama yake bibi, huyo bibi wa Shirazi, aliletwa kutoka bara akiwa mtoto. Aliletwa, ndivyo tulivyosema, kama kapu. Pangani nzima ilijua. Kila arusi ya nyumba yetu walikuwapo wazee waliojua mpaka jina la aliyemnunua. Wakala pilau, wakaitikia dua, wakaondoka. Hakuna aliyesimama. Ndiyo sitara. Nimekulia ndani yake, nimenyonya nayo.

Na mtu angesimama siku ya arusi yangu kumsifu yule aliyeletwa? Kwa nia njema? Mama angezimia palepale.

Mimi nilikwenda kwa watu nikawavua nguo, na nikasubiri vigelegele.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimemwendea Haji dukani. Béa alinikataza. "Maman Mwalimu, achana. Ukifungua tena kinywa utaharibisha zaidi. Bantu ba pale banajua mambo yao." Sikumsikiliza. Nimewahi kumsikiliza nani?

Nilikuwa nimepanga uongo wangu vizuri njiani, kwenye basi. Si basi la Jamil, nililiacha la kwanza lipite kwa kuogopa. Ningesema mimi ni mzee, nimechanganya hadithi mbili, Merik alikuwa babu wa mtu mwingine nimemsoma kitabuni. Niaibike mimi. Sina binti wa kuoza.

Haji alinipa kiti nyuma ya magunia ya mchele. Akanisikiliza mpaka mwisho, uongo wote, bila kunikatiza. Kisha akanijibu polepole.

Alijua. Alijua siku ile Nasrin alipotaja jina la Jamil kwa mara ya kwanza. Kwao mtu anajua baba zake na baba za jirani yake, vizazi na vizazi, wanafundishwa kuvihesabu kabla ya kusoma. Kaka zake walijua. Wake zao walijua. Amekaa na jambo hilo majira yote ya joto, ameshindana na kaka zake, ameshindana na nafsi yake. Akaona kijana ni mwema, anamtunza babu yake, na hapa ni Brussels, nani ana mbuzi? Akakubali. Wote wakakubali, kwa sharti moja ambalo hakuna aliyehitaji kulisema.

"Nilikuwa naweza kulijua, madame," kaniambia. "Siwezi kuwa nimelisikia."

Maana sasa akikubali, amekubali mbele yao. Kaka zake wakirudi Antwerp, wataulizwa na wengine, na hawawezi kusema hawakusikia. Na habari itafika Kamdesh, ambako mama yake mzazi bado yu hai.

Akanijazia kwenye mfuko tuti kavu, zile forosadi za kwao, na kukataa malipo. Nimetoka nikasimama kwenye mvua mbele ya kituo cha basi, sijui nasubiri nini.

Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kitambaa. Naona mkono huo kila nikifumba macho.

Jumatatu, 4 Novemba

Nasrin amekuja. Sikutegemea. Macho yamevimba lakini kajikaza, msichana wa heshima. Ameniomba nimshawishi Jamil. Yuko tayari kwenda naye manispaa wakafunga ndoa bila baba. Jamil hataki.

Nikamwuliza kwa nini mimi, baada ya yote. Akasema mimi ndiye niliyesema Jamil ni wa kujivunia. Hakuna mwingine aliyesema hivyo chumbani mle. Halafu akasema angependa nisingesema. Zote mbili kwa pumzi moja.

Nimegonga kwa Jamil. Alifungua, afadhali. Anasema akimtoa Nasrin kwa baba yake, mama yake Nasrin hatamwona tena binti yake, na yeye Jamil anajua kukaa bila mama ni nini. Basi. Amesema hivyo na kuniangalia kama anavyomwangalia abiria anayeuliza njia isiyo yake.

Nilitaka kumwambia nisamehe. Nimeshamwambia mara nyingi, limekuwa neno la kumchosha. Nikarudi kwangu.

Nasrin alikuwa amesimama palepale nilipomwacha, na shela yake mkononi. Hakuniuliza. Alisoma usoni.

Jumatano, 13 Novemba

Nasrin amepelekwa kwa shangazi yake Hamburg. Béa kasikia dukani. Atamalizia masomo huko. Wanasema kuna mtu huko, mhandisi, nyumba ya wenye mbuzi.

Mzee kagonga mchana. Mara ya kwanza tangu siku ile. Nilikuwa nimeogopa kumgongea, na sikupika chochote, nikamtolea biskuti za dukani kwa aibu. Akakaa. Nikaanza kulia, naye akasubiri nimalize, kama mtu anayesubiri mvua ipungue.

Akaniambia hajanikasirikia. Nikamwambia anapaswa. Akasema amejaribu.

Kisha akanieleza yale machozi ya siku ile. Anasema jina la Merik halijatajwa mbele ya mkusanyiko wa wanaume tangu afe. Nyumbani walilitaja kwa kunong'ona, na baba yake alipopata shamba akakataza hata kunong'ona. Na siku ile, nyumbani kwa mwenye mbuzi, mbele ya kaka zake wote, mwanamke mweusi kutoka mahali asipopajua anasimama na kulitaja kwa sauti, kwa heshima, kama wanavyotajwa waliokaa kwenye viti. Anasema alifurahi. Pale pale alijua mjukuu wake ameangamia, na pale pale alifurahi. Hajui afanye nini na furaha hiyo. Ni haramu kwake. Hawezi kumwambia Jamil.

Kaniambia mimi kwa kuwa hana mwingine.

Niliogopa hata kumshika mkono. Alipoondoka nilikaa kwenye kiti alichokuwa amekalia mpaka taa za barabarani zikawaka.

Ijumaa, 22 Novemba

Wanahama. Jamil amepata kazi kwenye mabasi ya Ostend. Hakuna Mkom hata mmoja huko, amesema, kama mtu anayesifia hewa.

Nimejitolea kufunga vyombo. Amesema asante, si lazima.

Jumapili, 1 Desemba

Baridi kavu. Jua kidogo. Nimekwenda sokoni nikarudi na ndizi ambazo hazitaiva.

Lifti ilipofunguka ghorofani kwetu nimewakuta Jamil na Mzee wanasubiri kushuka na maboksi ya mwisho. Nikashuka nao, ndizi mkononi, maboksi yamenibana ukutani. Alikuwamo na yule mama mpya wa ghorofa ya sita, Mreno, mchangamfu, bado hajamjua mtu. Akamwuliza Jamil wanahamia wapi, akaambiwa. Akauliza na asili yao ni wapi.

Jamil alisema, "Kabul."

Yule mama akasema aa, Kabul, masikini, ameona kwenye televisheni. Jamil akasema ndiyo. Mzee alielewa, neno hilo halihitaji Kifaransa. Alitazama namba za ghorofa zinavyoshuka.

Nilikuwa nayo yote mdomoni. Kandahar, Kapisa, Kama, mabonde, lugha yenye nyumba yake, jina walilojiita wenyewe. Nimeyameza yote.

Chini nikawashikia mlango. Mzee akaniinamia kichwa, mkono kifuani. Jamil akasema "Merci, madame," akapakia maboksi, akamfunga babu yake mkanda wa gari kwa upole mkubwa. Wakaondoka.

Nimepanda na kuweka ndizi dirishani.